Mwisho wa Tamthilia na Swali la Ayubu

Smithfield ni kitongoji cha magharibi mwa Sydney, kama kilomita 30 kutoka katikati ya jiji, na sehemu yake kubwa imo katika Halmashauri ya Jiji la Fairfield, iliyopokea wakimbizi wengi wa Iraki na Syria baada ya Australia kuamua mwaka 2015 kuongeza nafasi 12,000 kwa ajili yao. Vijana wa huko, sawa na vijana wa Kikongo waliofika Australia kupitia makambi ya wakimbizi kama Nyarugusu na Kakuma, hukulia mbele ya tamthilia za vijana, yaani michezo ya televisheni ya mfululizo ambayo wahusika wake wakuu ni wanafunzi wa sekondari. Sehemu ya mwisho inapowavunja moyo, hasira yao huchukuliwa na wakubwa kuwa ni utoto, ilhali ndani yake mna swali ambalo dini na falsafa zimelihangaikia kwa karne nyingi: je, anayetunga maisha ya mwingine anawiwa nini na yule aliyeyafuatilia kwa imani?

Mfano ulio wazi ni Pretty Little Liars, tamthilia ya Kimarekani iliyoonyeshwa kuanzia mwaka 2010 hadi Juni 2017 kwa misimu saba na sehemu 160. Wasichana wanne wanateswa na mtu asiyejulikana anayejificha nyuma ya herufi moja, na mtazamaji anaombwa, mwaka baada ya mwaka, akusanye dalili ili amtambue. Katika sehemu ya mwisho mtesaji wa mwisho anafunuliwa kuwa Alex Drake, pacha wa mmoja wao, Spencer, pacha ambaye mtazamaji hakuwahi kutambulishwa kwake, naye anazungumza kwa lafudhi ya Kiingereza cha London, huku Spencer mwenyewe akiwa amefungiwa chini ya ardhi na mpenzi wake akilazimika kuamua yupi ni yupi kati ya wasichana wawili wenye sura moja. Kweli, wapo watazamaji waliokuwa wamekisia habari ya pacha, lakini kukisia si sawa na kuongozwa, na dalili zilizokusanywa kwa miaka saba hazikumfikisha mtu kwa Alex Drake kwa njia ya haki.

Aristotle, katika kitabu chake kuhusu ushairi, alikwisha kulishughulikia kosa la namna hii katika karne ya nne kabla ya Kristo. Aliwalaumu watunzi waliofungua fundo la kisa kwa msaada wa mungu aliyeshushwa jukwaani kwa winchi, na mfano alioutaja ni Medea ya Euripides, mchezo wa mwaka 431 kabla ya Kristo, ambamo mama aliyewaua wanawe anaokolewa na gari la angani. Hoja yake ni kwamba ufumbuzi sharti uzaliwe na kisa chenyewe. Hoja hiyo ni sahihi, ila inaishia kwenye ufundi. Haielezi kwa nini mtazamaji huhisi kuwa amedhulumiwa, na si kwamba ameuziwa kazi mbovu tu.

Jibu la haraka lingekuwa kwamba watu hupenda mwisho mwema, kama walivyozoea kusema watazamaji wa filamu katika vibanda vya video vya Afrika Mashariki kuwa steringi, yaani mhusika mkuu, hafi. Jibu hilo halitoshi, kwa sababu mtu anaweza kulia mhusika anapokufa na bado akaondoka ameridhika. Tofauti ya huzuni na dhuluma inaonekana vizuri zaidi katika kisa cha Nabii Ayubu, ambaye washairi wa pwani nao walimtungia utenzi. Katika Biblia, sura ya mwisho ya kitabu chake inamrudishia mali maradufu: kondoo 7,000 wanakuwa 14,000, ngamia 3,000 wanakuwa 6,000. Watoto, hata hivyo, hawaongezwi maradufu, bali wanazaliwa wengine wa idadi ileile, wana saba na mabinti watatu, na wasomaji wengi wameona hapo jeraha lisilopona, maana ngamia hufidiwa kwa ngamia lakini mtoto aliyekufa hafidiwi na mwingine. Kurani, inapokigusa kisa hicho katika sura ya 21 na ya 38, inasema kwamba Ayubu alipewa watu wake pamoja na wengine mfano wao, na wafasiri wamehitilafiana kama walihuishwa papa hapa duniani au wamewekewa Akhera. Vyovyote itakavyofasiriwa, wanaorudi ni walewale waliopotea. Imani ya ufufuo na hukumu hudai jambo hilohilo kwa upana zaidi: kwamba machozi ya mtu fulani hayatafutwa kwa furaha ya mtu mwingine.

Hapo ndipo mtesaji wa ghafla kama Alex Drake anaposhindwa. Anajibu swali la nani, lakini mateso ya misimu saba anayaacha bila mwenyewe, kana kwamba yangeweza kumpata yeyote. Kinyume chake ni hadithi ya Sultani Darai, iliyochapishwa na Edward Steere mwaka 1870 miongoni mwa hadithi alizozikusanya Unguja. Paa anamtoa masikini jaani, anamwoza binti wa sultani na kumpatia nyumba ya fahari, kisha paa anapougua, bwana wake anaagiza apewe uji wa mtama wala haendi kumwona. Paa anakufa na harudi. Mwishowe yule bwana anaota kwamba anachakura jaani, anazinduka na kujikuta yumo mlemle. Mwisho huo ni mchungu, lakini hakuna aliyedhulumiwa kwa kuusikiliza, kwa kuwa wema wa paa na ubaya wa bwana wake vyote vimehesabiwa.

Itapingwa kwamba maisha yenyewe hayana mwisho uliopangwa, na kwamba mkimbizi wa Smithfield anayesubiri habari za ndugu aliyepotea Mosul au Uvira analijua hilo kuliko mwandishi yeyote. Ni kweli, na hata Injili ya Marko, katika baadhi ya nakala zake kongwe za karne ya nne, inakomea kwenye hofu ya wanawake waliokimbia kutoka kaburini. Lakini kisa kilichoachwa wazi hakijamdanganya mtu. Tamthilia ya Home and Away, inayotengenezwa hukohuko Sydney tangu mwaka 1988, haijaisha hadi leo na hakuna anayeidai mwisho, kwa kuwa haikuuahidi. Aliyeahidi ndiye anayedaiwa, na wasimulizi wa pwani walilikiri deni hilo walipofunga hadithi kwa kusema kwamba uzuri wake ni wa wote na ubaya wake ni wa aliyeitunga. Kwa kipimo hicho, kijana aliyezima televisheni kwa hasira baada ya kuiona sura ya pacha hakukosa adabu wala akili.