Ngao Iliyotandazwa Juu ya Uluguru

Jioni ya Februari 20, 1962, mwanaanga John Glenn alipita juu ya Afrika Mashariki akiwa peke yake ndani ya chombo cha Friendship 7, kwa mwendo wa kilomita 28,000 hivi kwa saa. Tunguu, Unguja, kilikuwepo kituo cha NASA, kimoja katika mlolongo wa vituo vilivyomsikiliza kuzunguka dunia. Anga aliyoikata ni jirani kabisa na hii ya milima ya Uluguru.

Katika mzunguko wa pili, mitambo ya ardhini ilinasa ishara ya kutisha: ngao ya joto imelegea. Ngao hiyo ilikuwa kitakoni mwa chombo, imefunikwa na roketi za kupunguzia mwendo zilizofungwa kwa mikanda ya chuma. Glenn hakuweza kuiona, wala hapakuwa na mwenzake wa kumkagulia. Vituo vikaagizwa kuifuatilia ishara ile. Alipofika juu ya Hawaii akaambiwa ageuze swichi fulani, aone kama taa itawaka. Haikuwaka. Hata hivyo wakubwa wa safari wakaamua ashuke bila kuzitupa roketi zile, ili mikanda ishikilie ngao ikiwa kweli imeachia. Akashuka akiona mapande ya moto yakipita dirishani, asijue kinachoungua ni roketi au ndiyo ngao yenyewe. Ngao ilikuwa nzima. Kilichokosea ni kifaa kidogo cha kutoa ishara.

Ngao hiyo ilitengenezwa kwa faibaglasi na gundi ngumu, na kazi yake ilikuwa kuungua: tabaka la nje ligeuke mkaa na mvuke, liondoke na joto, la ndani lisalimike.

Nikisimama Mzumbe usiku usio na mwezi, nikielekeza macho upande wa kilele cha Bondwa, naiona kazi ya namna hiyo ikifanywa na Mkono mwingine. Mstari mweupe unachorwa, unafutika kabla sijamwonyesha mwenzangu. Ni kimondo, mara nyingi hakizidi punje ya mchanga, kimeishia kilomita 80 au 100 juu yetu. Makumi ya tani za vumbi na mawe hutujia kila siku kutoka angani, na hewa huyapokea. Hewa, hii isiyoshikika! Huko juu ni nyembamba mno, lakini kitu kikiivamia kwa kilomita 30 kwa sekunde, iliyo mbele yake hubanwa ghafla ikapata joto la kuyeyusha jiwe. Huku chini hewa hiyo hiyo hubeba unyevu wa Bahari ya Hindi, ikaupandisha miteremko ya mashariki ya Uluguru, ukawa ukungu, ukawa mvua, ukaingia mto Ruvu, ukanywewa Dar es Salaam. Ngao ya Glenn ilifaa safari moja. Hii ya hewa haijavuliwa tangu tuwepo, na hakuna fundi anayepanda kuikagua. Ametukuka aliyeitandaza.

Mawe mengine huachiwa yapite. Desemba 16, 1938, kimondo kilianguka Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa. Uzito wake gramu 705. Jiwe likishuka hivyo huteketea ngozi tu, joto lisipate muda wa kuzama. Ndani ya jiwe la Ivuna wanasayansi walikuta maji yaliyofungwa katika madini, pamoja na asidi za amino, ambazo ndizo hujenga protini za miili yetu. Chombo cha Japani, Hayabusa2, kiliondoka mwaka 2014 kufuata udongo wa asteroidi Ryugu. Mwaka 2020 kikashusha gramu 5.4 huko Australia, ndani ya kasha lenye ngao yake ya joto, na udongo huo ukakutwa unafanana mno na jiwe la Ivuna. Rukwa ilikuwa imeletewa mzigo wa aina hiyo miaka 82 kabla, bila kuagiza.