TIA MKONO NDANI YA LUNDO



Mtume wetu (s.a.w.) alipita sokoni, akatia mkono ndani ya lundo la chakula, akakuta unyevu chini. Akamkemea muuzaji kwa kuwaficha watu kasoro ya mali yake.

Hapa Lubudi wako wanaochukua taka zilizooza jalalani wakazitia kwenye lengalenga na sombe. Maganda na majani huoza yakawa mbolea njema. Lakini jalalani mna pia betri, makopo ya rangi na vumbi la machimbo. Madini ya risasi na kadimiamu hayaozi. Taka huoza zikapungua, sumu ikabaki palepale, ikazidi nguvu katika kila kiganja cha mbolea. Mizizi huivuta, na iliyokwisha kuingia ndani ya jani haitoki kwa kuosha.

Mwaka 2018 watafiti wa Lubumbashi na Ubelgiji walieleza kwamba watoto wa mtaa wa Kasulo, jirani zetu wa Kolwezi, walikutwa na kobalti nyingi mwilini kwa vumbi la machimbo. Vumbi la namna hiyo tusilipeleke bustanini.

Ndugu zangu, unyevu ule mkono uliuhisi. Sumu hii mkono hauihisi. Anayejua mbolea imetoka wapi ni wewe mwenye bustani, na Allah anajua. Basi tutenge taka tangu nyumbani: maganda na samadi kando, betri na makopo kando. Wala usimuuzie jirani mboga ambazo ungeogopa kumlisha mwanao.

Ewe Mola, turuzuku kilicho halali na chema. Amin.