Maji Yapite

Katika nyumba ya wazee ninayofanya kazi hapa Leicester, kila mlango una chupa ya kitakasa mikono. Unabonyeza, unasugua, ubaridi unapita vidoleni na harufu ya spiriti, basi. Miaka mitatu niliiamini chupa ile kama ninavyouamini udhu wangu. Labda ni jina lake. Sisi neno kutakasa hatulitamki hovyo.

Januari moja tumbo lilinishika usiku wa kuamkia Jumanne. Nilitapika mpaka nyongo, nikaharisha mchana kutwa, na Jumatano alfajiri nikaamka mzima, njaa inaniuma. Nikaenda kazini. Wakati ule sheria ya huku ililipa posho ya ugonjwa kuanzia siku ya nne. Siku tatu za mwanzo ni zako na Mola wako, na kodi ya nyumba haingoji. Nikajiambia: nimepona, Alhamdulillahi, na wazee wananihitaji. Yote mawili niliyasema kwa dhati ya moyo.

Ijumaa usiku bibi wa chumba cha mwisho akaanza kutapika. Nilikuwa nikimwita Bi Mkubwa, naye alilizoea jina bila kujua maana yake. Kufika Jumapili wagonjwa walikuwa saba. Bi Mkubwa alipelekwa hospitali, mwili umemkauka maji. Ukiibana ngozi ya mkono wake inabaki imesimama. Alirudi baada ya siku tisa, lakini kikombe cha chai alichokuwa akikishika mwenyewe kwa mikono miwili, hakukishika tena.

Hakuna aliyenilaumu, wala hakuna awezaye kuthibitisha kuwa ni mimi. Lakini juu ya sinki la jikoni ilibandikwa karatasi: ukishapona, kaa nyumbani saa 48 tangu mara ya mwisho uliyotapika au kuharisha. Nilipita mbele yake kila siku. Nilipokaa kuisoma ndipo nikafuatilia na mengine. Norovirusi, kirusi cha ugonjwa huu wa tumbo, haina ule utando wa mafuta ambao spiriti huuyeyusha, kwa hiyo kitakasa mikono hakiiwezi sawasawa. Aliyepona huendelea kuitoa kwa siku kadhaa, pengine wiki mbili. Chembe zisizofika 100 zinatosha kumwangusha mtu.

Tumefundishwa tangu chuoni kwamba amali huenda na nia. Nia yangu ilikuwa safi. Mikono je?

Rafiki mmoja msikitini alinituliza: ni kadari. Alinitakia kheri, lakini sikutulia. Sayyidna Umar, khalifa, alipokuwa njiani kwenda Sham akasikia kuna tauni, aligeuza msafara. Sahaba mwenzake Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, naye akajibu kuwa anaikimbia kuiendea kadari nyingine ya Mungu huyo huyo. Kukaa nyumbani siku mbili nako kungekuwa kadari.

Na Surat An-Nisaa, aya ya 92, inamzungumzia aliyeua kwa kukosea. Hahesabiwi sawa na aliyekusudia, lakini hasemwi hana deni: kuna dia, kuna kafara, na asiyepata cha kutoa hufunga miezi miwili mfululizo. Sijilinganishi naye, Bi Mkubwa yu hai. Ninachokiona pale ni kwamba nia hupunguza dhambi, haifuti madhara. Mwaka 1968 karibu nusu ya shule moja ya Norwalk, Ohio, iliugua ugonjwa huu huu, na kirusi chenyewe hakikuonekana kwa hadubini mpaka 1972. Mtoto wa shule ile aliyemwambukiza mwenzake, ujinga wake ni udhuru kamili. Wangu haukuwa ujinga. Ulikuwa uzembe wa kutosoma maneno yaliyo mbele ya macho yangu.

Kwetu Unguja, kabla sinia halijafunuliwa, mimi ndiye niliyekuwa nikipita na birika na beseni kuwanawisha wageni. Siku moja nilijaza bakuli ili kila mtu achovye, nimalize haraka. Bibi yangu akalimwaga uani. "Mtu hachovyi alipochovya mwenzake. Maji yapite." Hakuwa na habari za virusi. Na leo naambiwa sabuni nayo haikiui kirusi hiki. Inakibandua tu, na maji yanayopita ndiyo yanayokichukua.

Kipupwe cha mwaka uliofuata tumbo lilinishika tena. Nilizihesabu saa 48 kuanzia adhuhuri ya Jumanne, nimekaa chumbani na barua ya mwenye nyumba mezani. Alhamisi jioni nilikwenda moja kwa moja kwenye sinki la chumba cha mwisho, nikakunja mikono ya shati mpaka kwenye viwiko kama mtu anayetia udhu, nikasugua kwa sabuni katikati ya vidole na chini ya kucha. Kisha nikajaza jagi maji ya uvuguvugu, nikaweka beseni mapajani mwa Bi Mkubwa, nikammiminia. Alipomaliza mkono wa kulia, akaninyooshea wa kushoto.