Bomba Lililopasuka na Haki ya Jirani

 

Ndugu zetu Waislamu, imetufikia barua kutoka kwa ndugu mmoja, mzaliwa wa Pwani, aliyehamia Meru kwa ajili ya biashara. Amepanga orofa ya juu katika nyumba ya ghorofa mbili. Asema kwamba usiku mmoja alikuwa amesimama katika sala ya sunna, akasikia kishindo jikoni, kisha maji yakavuma. Akajiambia kuwa yu mbele ya Mola wake na haifai kugeuka. Akatimiza rakaa zake, akaleta nyiradi zake na dua ndefu. Alipofungua mlango wa jikoni maji yalimfika vifundoni, nayo yalikwisha penya sakafu na kumshukia jirani wa chini, mama mzee wa Kimeru, Mkristo, auzaye mahindi na maharagwe. Magunia mawili yalirowa. Ndugu huyu auliza: je, yampasa kulipa, hali ya kuwa alikuwa katika ibada na bomba si lake?

Tuliisoma barua hii darasani, na tutasema kweli: wengi katika waliohudhuria walijibu upesi kwamba halipi. Hilo ndilo lililotufanya tuandike.

Kwanza yafaa msomaji wa Mombasa aelewe hali ya maji ya huko. Sisi huku tumezoea maji ya kuletwa kutoka mbali, Mzima, Marere na Baricho, na mara nyingi mfereji hukoroma tu bila ya kutoa kitu. Meru na Embu ziko ubavuni mwa Mlima Kenya, ambao kilele chake chafika mita 5199. Mito ya huko, kama Kathita upande wa Meru na Rupingazi upande wa Embu, yateremka kwa kasi, na maji yakichukuliwa juu yakaletwa mjini chini, uzito wake wenyewe huyasukuma. Mchana watu wengi wamefungua mifereji, na nguvu hiyo hugawanyika. Usiku wote wamefunga, basi nguvu yote hukaa ndani ya mabomba, na kiungo kilicholegea au bomba lililoliwa na kutu hupasuka saa hizo ambazo watu wamelala. Kwa hiyo lililomfika ndugu yetu si ajabu, wala si kijicho cha mtu. Twasema hivi kwa sababu barua yake yataja kwamba kuna aliyemshauri atundike azima juu ya mlango wa jikoni. Bomba halihitaji azima, lahitaji fundi.

Tuje katika sala. Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa habari ya sahaba Abu Barza al-Aslami, alipokuwa Ahwaz katika zama za vita na Makhawariji. Alisali akiwa ameshika hatamu ya mnyama wake. Mnyama akawa amvuta, naye akawa amfuata. Mtu mmoja katika Makhawariji akamlaumu vikali. Abu Barza akajibu kwamba alipigana pamoja na Mtume s.a.w. katika vita kadhaa na akashuhudia wepesi wake, na kwamba kurejea na mnyama wake ni bora kwake kuliko kumwacha aende zake kisha yeye apate taabu. Tazameni ni nani aliyelaumu na ni nani aliyelaumiwa! Tena huyo alikuwa akiokoa mali yake mwenyewe. Itakuwaje mali ya mwingine, mali ya mama mzee ambaye chakula chake ni hayo magunia mawili?

Wanavyuoni wetu wa Kishafii wamesema kwamba sala ya faradhi haikatwi bila ya udhuru, na kuokoa mali isiangamie ni udhuru. Kumwokoa mtu anayezama ni wajibu hata kama sala itakatika. Ama sunna, mwenye kuianza ana khiyari ya kuitoka. Basi ndugu yetu alikuwa na ruhusa wazi, akaiacha, kisha akazidisha nyiradi na dua, ambazo hata si sala. Dakika zile za nyiradi ndizo zilizorowesha gunia la pili.

Angalifanya nini? Jambo la kwanza ni kuifunga bilula kuu, ile iliyo karibu na meta au chini ya tangi. Wengi hawajui ilipo katika nyumba zao wenyewe, na usiku wa giza si wakati wa kuitafuta. Yafaa kila mwenye nyumba awaonyeshe mkewe na watoto, na aizungushe mara moja moja isije ikashikwa na kutu. Baada ya kufunga, afungue mfereji wa chini kabisa ili maji yaliyobaki bombani yatoke huko, ayakinge kwa ndoo. Ikiwa maji yanashuka karibu na taa au waya, azime stima katika swichi kuu, mikono mikavu na miguu mahali pakavu. Kama hapo pamekwisha rowa asipaguse, amwite ajuaye. Kisha, kabla ya kupangusa jiko lake, ateremke kumgongea jirani. Ama tundu lenyewe, ukanda wa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, ukizungushwa kwa nguvu na kufungwa kwa waya, huzuia hata asubuhi. Hayo si matengenezo, ni subira tu. Desturi ni kuwa pavujapo kabla ya meta huarifiwa kampuni ya maji, na pavujapo baada ya meta ni juu ya wenye nyumba.

Yapo pia mambo ya tohara ambayo watu huyachanganya. Maji safi ya bomba yakidondoka kutoka darini ni tohara, na nguo iliyorowa haihitaji kufuliwa kwa ajili ya sala. Lakini likivuja bomba la choo cha juu, tone hilo likaingia katika ndoo ya lita 20, maji yote yamenajisika kwa madhehebu yetu, hata yakiwa meupe pe, maana hayakufika kulatayni, yaani yapata lita mia mbili. Tangi la lita 1000 halinajisiki ila yabadilike rangi, harufu au ladha. Asiyejua tone limetoka wapi asijitie wasiwasi, kwani asili ya maji ni tohara. Na bomba lililopasuka ardhini, maji yakifungwa, huweza kufyonza uchafu ulio karibu nalo. Basi likitengenezwa, maji ya kwanza yasinywewe, yakingwe na yaoshewe sakafu. Tena kufunga bilula hakumhalalishii mtu kutayamamu ikiwa jirani ana maji na anampa.

Sasa malipo. Hapa twapenda insafu, kwani suala lina khilafu. Mafakihi walizungumza juu ya ukuta uliojengwa sawasawa kisha ukainama, ukaanguka ukaharibu kitu. Kauli sahihi kwa Mashafii ni kwamba mwenyewe hadhamini. Mahanafi wamesema kwamba akionywa naye akaweza kuubomoa asiubomoe, atalipa. Wale waliosema darasani kwamba halipi waliishika kauli ya kwanza, nasi hatuwakanushii kuwa ipo katika vitabu.

Lakini barua ina mstari mmoja ambao waliupita. Ndugu yetu aandika kwamba yule mama alimwonyesha doa la maji darini kwake majuma matatu kabla ya usiku ule, naye akakifunga kiungo kwa kitambaa na asimwarifu mwenye nyumba. Basi alionywa, na ingawa nyumba si yake, bilula ya kufungia ilikuwa mkononi mwake. Je, Mwislamu ameonywa na jirani yake, akapuuza, kisha akimbilie kauli ya fakihi ili asilipe magunia mawili? Madhehebu hayakuwekwa yawe pango la kujifichia haki za watu. Na asije akasema kwamba huyo si wa dini yetu. Abdullahi bin Amr, sahaba wa Mtume, alipochinjiwa kondoo nyumbani kwake aliuliza kwanza kama jirani yao Myahudi amepelekewa nyama.

Jawabu letu ni kwamba alipe thamani ya magunia yote mawili kwa bei ya soko la siku ile, aombe radhi, na asingoje kuona mwenye nyumba atachangia nini. Hesabu yake na mwenye nyumba ni mbali.

Limebaki jambo moja, nalo ni letu sisi. Mtume s.a.w. alikuwa akitawadha kwa mudi moja, yapata robo tatu ya lita. Bomba linalojaza mtungi wa lita 20 kwa saa moja humwaga lita 480 kwa siku, maji ya udhu 640. Huko chini ya Embu, upande wa Mbeere, akina mama hutembea na punda kuyatafuta maji kama hayo. Na katika birika la msikiti wetu wenyewe bilula tatu zadondoka tangu kabla ya Ramadhani, na kila mmoja wetu huzipita akitia udhu. Tumekwisha nunua washa zake. Jumamosi baada ya sala ya Alasiri tutazitia. Mwenye spana na aje nayo.