Je, Nyumba Nzuri ni Nyumba ya Namna Gani?

Swali hili laonekana jepesi. Sisi nasi tulilidhani jepesi, mpaka tulipolala usiku mmoja katika nyumba nzuri mno, tukaamka wenye huzuni. Twaona yafaa kueleza jinsi ilivyokuwa, maana kosa halikuwa la wenye nyumba peke yao.

Tunakaa Madungu, mjini Chake Chake, katika kisiwa cha Pemba. Mama yetu mzazi ni mzee, na macho yake yameingia mtoto wa jicho. Basi ikatupasa kumpeleka Unguja, katika hospitali ya Mnazi Mmoja, ili atazamwe. Tukaazimu kwenda nyumba nzima, wakubwa kwa watoto, watu sita. Mjomba wetu akaaye Ng'ambo alituletea habari kwamba chumba ki tayari na mikeka imekwisha kutandikwa. Lakini sisi tulikuwa tumekwisha kuona katika simu picha za hoteli moja ya mjini: kuta nyeupe, taa za shaba, na samadari kama ya mwana wa mfalme. Tukaitamani. Tukamjibu mjomba kwamba hatupendi kumsumbua. Neno hilo lilikuwa la adabu, lakini halikuwa la kweli.

Tukapanda meli bandarini Mkoani, tukashuka Unguja. Hoteli ile ilikuwa nyumba ya kale ya tajiri fulani, ndani ya Mji Mkongwe, mji ambao mwaka 2000 uliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Ilikuwa imetengenezwa upya na fundi ajuaye rangi na maumbo. Na kweli alijua, hatutaki kumnyima haki yake. Watoto walisimama mlangoni kimya kwa mshangao.

Kisha tukaanza kukaa humo. Chumba chetu kilikuwa juu, na ngazi ilikuwa ya kusimama wima, haina mbao ya kushikia, kwa kuwa mbao ingeharibu sura ya ukuta. Taa za shaba zilitoa nuru haba kama ya kibatari. Watoto walikatazwa kugusa hiki na kukalia kile. Na juu ya choo tusemeje? Hakikuwa na mlango, ila ukuta mfupi wenye nakshi. Bibi na wajukuu, mkwe na mkwewe, wataingiaje humo? Yeye aliyekichora aliwafikiri bwana na bibi arusi, wasio na mama wala mtoto.

Sakafu ilikuwa nyeusi, imesuguliwa ikang'aa, na mbele ya bafu palikuwa na kipandio cha kushuka, nacho cheusi vile vile. Mwenye macho mazima angeweza kujikwaa. Mama yetu hakukiona kabisa. Alianguka kwa goti, na kilio chake tulikisikia sisi sote.

Tunamshukuru Mungu kwamba hakuvunjika. Lakini tuliposhuka tulimkuta kijana wa mlangoni, aliyetuamkia shikamoo kwa heshima, nasi hatukuitikia. Tulimwambia maneno makali mbele ya wageni wengine. Akajibu, "Samahani, mzee. Mimi ni wa kupokea mizigo tu."

Wako watu wasemao kwamba mapambo yote ni upuzi, na kwamba ukuta na bati vyamtosha mwanadamu. Sisi hatukubali. Mafundi wa kale wa mji ule walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti za mikoko. Kuta walizifanya nene zizuie joto, na katikati wakaacha ua upepo upite. Milango yao ina nakshi za ajabu, wala hakuna aliyewahi kuumizwa na nakshi ile. Na nje, ukutani, walijenga baraza la mawe, mgeni apokewe kwa heshima bila kuingia palipo wanawake na watoto. Fundi wa namna hiyo alijiuliza kwanza, "Nani atakaa hapa?" Yule wa hoteli alijiuliza, "Nani atatazama?"

Lakini sisi je? Tulipochagua, tulijiuliza lipi? Hapo ndipo dhamiri ilipotuchoma. Fundi hakumjua mama yetu, sisi twamjua. Yeye hakujua habari za macho yake. Sisi tulisafiri kwa ajili ya macho hayo. Hata hivyo tulimpeleka mtu asiyeona katika nyumba iliyotengenezwa kwa kutazamwa, tukamkasirikia mchukuzi wa mizigo.

Usiku mama hakutaka kupanda tena. Alipapasa ukuta wa nje, akalijua baraza kwa mkono, akaketi. Mlinzi akampa mkeka wake. Wakazungumza habari za karafuu za Pemba mpaka usiku mkubwa, na huyo mama akacheka, mara ya kwanza tangu tuliposhuka melini.

Kulipokucha mjomba akaja, ingawa hatukumwita. Hakuuliza kwa nini tulimkataa. Aliuliza, "Dada kala nini?" kisha akachukua mzigo mkubwa kuliko yote. Tulipopita Forodhani mtoto wetu alitaka kujua habari za Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sayyid Barghash mwaka 1883 ili watu wastaajabu. Tukamweleza jinsi sehemu yake ilivyoanguka tarehe 25 Desemba, 2020, watu wawili wakafa. Akauliza, "Hawakuwa wakiliangalia?" Tukamwambia kwamba walikuwa wakilitazama kila siku.

Baada ya hospitali tulirudi hotelini tumtafute yule kijana, tumwombe radhi. Wakatuambia zamu yake imekwisha. Wakatuuliza jina lake nani, wamwachie salamu. Nasi hatukuwa tumemwuliza.