Suluhu au Mashtaka?

Wahenga walituachia methali mbili ambazo, zikiwekwa pamoja, huonekana kana kwamba zinagombana. Ya kwanza ni: "Heri nusu shari kuliko shari kamili." Ya pili ni: "Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni." Ya kwanza humshauri aliyedhulumiwa apokee kidogo aepukane na makubwa. Ya pili husema kwamba haki haipungui kwa sababu mwenye haki ni dhaifu. Je, mtu akiingia katika ugomvi wa kisheria afuate ipi? Apatane au ashtaki?

Swali hili sikulipata kitabuni. Nililipata Dzaleka, katika wilaya ya Dowa, kilomita 40 na ushei kutoka Lilongwe, mji mkuu wa Malawi. Mahali hapo, palipokuwa gereza hapo zamani, pamekuwa makazi ya wakimbizi tangu mwaka 1994, na Kiswahili ni lugha inayowakutanisha Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wengi sokoni na barazani. Jirani yangu mmoja huko ni fundi cherehani. Alimshonea mfanyabiashara wa Lilongwe sare 50 za shule, akazikabidhi, na daftari likatiwa sahihi. Malipo yakawa ni ya kesho, na kesho haikufika. Baada ya miezi mitano tajiri yule akamwambia, "Ndugu yangu, nitakulipa fedha za sare 25, tuyamalize kwa amani. Ukitaka mahakama, nenda."

Jioni ile fundi alinijia. "Mwalimu," alisema, "amani ni jambo jema. Mbona hii inaniuma?"

Sikuwa na jibu. Lakini mwalimu wa lugha akikosa jibu huyarudia maneno yenyewe. Neno "mapatano" limejengwa juu ya kitenzi "pata" pamoja na kiambishi cha kutendana. Kupatana, basi, ni kila mmoja kupata kwa mwenzake. Na "suluhu" ni neno lililotoka katika Kiarabu, na mzizi wake ndio uliozaa "maslahi" na "islahi". Suluhu isiyokuwa na maslahi kwa upande mmoja, wala isiyotengeneza kilichoharibika, imewakana ndugu zake. Ikiwa mmoja anapata na mwenziwe anapoteza kwa kuwa tu hana nauli ya kwenda kwa hakimu, hapo hapana kutendana. Pana mtu aliyenyang'anywa kwa maneno ya upole.

Pengine msomaji atasema kwamba mkimbizi hana budi kukubali, maana hana mlango mwingine. Sivyo. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, katika kifungu cha 16, humpa mkimbizi haki ya kuzifikia mahakama. Malawi ilijiunga na mkataba huo mwaka 1987 huku ikiweka masharti yake juu ya vifungu kadhaa, vikiwemo vya ajira na uhuru wa kutembea. Lakini aya ya kwanza ya kifungu cha 16 ni miongoni mwa sehemu ambazo mkataba wenyewe unakataza nchi yoyote isiziwekee masharti. Katiba ya Malawi ya mwaka 1994 nayo, katika kifungu cha 41, humpa kila mtu haki ya kuifikia mahakama. Na katika kifungu cha 13 huitaka serikali ijitahidi kutatua tofauti kwa mazungumzo, upatanishi na usuluhishi. Sheria haikuzigombanisha njia hizi mbili. Imeziweka katika nyumba moja.

Hata hivyo, haki iliyoandikwa na haki iliyo mkononi si kitu kimoja. Aishiye Dzaleka huhitaji ruhusa ili atoke, nauli ili afike, na mkalimani akishafika, kwa kuwa lugha ya mahakama za Malawi ni Kiingereza. Wala ushindi hauna mdhamini. Mwaka 2021 serikali ilipowaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi Dzaleka, walikwenda Mahakama Kuu, na amri ikasimamishwa kwa muda. Mwaka 2022 zuio hilo liliondolewa, na mwezi Mei 2023 polisi wakaanza kuwakusanya watu Lilongwe. Mahakama iliwapa muda wa kupumua, haikuwapa walichokitaka.

Kwa hiyo sisemi kwamba kila ugomvi upelekwe kwa hakimu. Majirani wawili wanaogombania ua wa nyumba watafanya vyema wakiwaita wazee. Hakimu aweza kutamka mpaka unapita wapi, lakini hawezi kuwafanya waazimane chumvi kesho yake. Na kinyume chake, yako mambo ambayo wazee hawana ruhusa ya kuyasuluhisha. Mtoto akinajisiwa, kisha baba yake akapewa mbuzi ili anyamaze, aliyedhulumiwa hakuulizwa, na jamii nzima imepoteza.

Basi kipimo ni kipi? Kwa maoni yangu, ni hiki: suluhu ni tendo jema pale tu anayesuluhishwa anapoweza kuikataa. Msamaha ni zawadi, na hakuna awezaye kutoa zawadi ya kitu alichokwisha kupokonywa. Ndiyo maana yampasa mdai ajiandae kwa mashtaka hata kama moyo wake unapenda amani: ahifadhi maandishi, awajue mashahidi wake, aulize muda wa kisheria wa kudai, tena ajihadhari na yule anayeongeza mazungumzo ili muda huo upite.

Tuliandika barua ya madai mimi na fundi, tukaitaja siku, idadi na sahihi, na tukaeleza kwamba baada ya siku 14 tungefungua kesi. Siku ya 11 tajiri aliita mazungumzo. Walikubaliana juu ya sare 40, nusu ya fedha papo hapo na nusu mwisho wa mwezi. Nilimwuliza fundi kama ameridhika. "Sikuridhika sana, Mwalimu," alisema, "ila nahitaji kununua kitambaa kabla shule hazijafunguliwa. Zile 25 alitaka kuninyima. Hizi 10 nimeziacha mwenyewe."

Walimu wenzangu, tumezoea kuwafundisha wanafunzi barua za kirafiki na za kuomba kazi. Tuwafundishe pia kuandika barua ya madai, na kuusoma mkataba kabla ya kuutia sahihi. Atakayejua hayo ataweza kwenda mahakamani. Na huenda, kwa kuwa anaweza, asihitaji kwenda.