Saini ya Chalii wa Terrat

Mwaka juzi chalii mmoja wa Terrat, huku pembezoni mwa Jiji la Arusha, aliniletea karatasi sita. "Dada, wewe umesoma. Nisomee hii." Ulikuwa mkataba wa studio, wote Kiingereza. Niliupitia nimesimama, boda ananisubiri. Nikamwambia uko poa, weka saini.

Leo wimbo wake unapigwa kwenye daladala na yeye hapati hata mia. Kifungu cha nne kilisema amekabidhi haki zote, daima. Nilikiona. Nikadhani ndivyo mikataba yote inavyoandikwa.

Kinachoninyima usingizi si swali la kisheria. Mtu mzima akiweka saini, tunasema amekubali. Lakini amekubali nini, kama hakujua kilichoandikwa? Na mimi niliyesema "poa", nimo au simo?

Wapo watakaosema msanii atafute wakili. Sawa, na wakili ana kazi kubwa kweli. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru kampuni ya simu ya Tigo iwalipe AY na MwanaFA zaidi ya shilingi bilioni 2, kwa nyimbo zao kutumika kama miito ya simu bila ridhaa. Kesi haikuishia hapo, ilikwenda rufaa, ila siku ile wengi tulielewa kwamba wimbo ni mali. Tatizo ni kwamba wale walikuwa na majina na mawakili. Wa Terrat alikuwa na mimi.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inatambua haki za kiuchumi, yaani kunufaika na kazi yako, na haki za kimaadili, yaani kutajwa kuwa wewe ndiye mtunzi. Zile za kiuchumi unaweza kuzikodisha kwa muda au kuziuza moja kwa moja. Hakuna mzee wa Terrat atakayeuza shamba akidhani amelikodisha msimu mmoja. Mfano huo tu ungetosha kumwokoa yule kijana, na ungenichukua dakika mbili.

Ndiyo maana wadogo zangu wanaosoma sheria wakiniuliza wakili wa wasanii anahitaji ujuzi gani, sitaji ubishi wala Kiingereza kizuri. Natafuta mtu anayeweza kukieleza kifungu mpaka mteja akirudie kwa maneno yake mwenyewe. Tangu 2021 lugha ya sheria na mahakama zetu ni Kiswahili, lakini meza ya studio si mahakama.

Mwezi uliopita nilimfuata, nikamwambia ukweli kwamba kile kifungu nilikiona. Alikaa kimya, halafu akauliza, "Kwa hiyo dada, nikiuimba kwenye harusi ya kaka'angu, ni kosa?"

Safari hii sikusema poa. Nilisema sijui, twende kwa wakili. Nauli nililipa mimi.